Barua kwa mjomba: Gould wa 1955 na Gould wa 1981

Shikamoo mjomba,

Siku ile uliponikuta nasikiliza Bach ileile mara ya pili mfululizo, uliniuliza, "Noti si ni zilezile?" Sikukujibu vizuri. Nakujibu leo hapa hadharani, maana swali lako wanalo wengi.

Noti ni zilezile tangu zilipochapwa mwaka 1741. Kazi hiyo ya Bach inaitwa Variesheni za Goldberg: inaanza na aria moja, yaani kipande chenye mwendo wa wimbo, zinafuata variesheni 30, yaani vipande vilivyojengwa kila kimoja kwa namna yake juu ya mwendo wa besi wa aria hiyo, kisha aria yenyewe inarudi. Glenn Gould, mpiga piano Mkanada, alizirekodi New York mwaka 1955 akiwa na miaka 22. Mwaka 1981 akarudi studio ileile akazirekodi upya. Ya kwanza ni dakika 38 na ushee, ya pili ni 51.

Vidole havikuwa vimechoka, mjomba. Sikiliza variesheni ya 5, mikono inavyopishana: rekodi zote mbili zinaimaliza chini ya sekunde 40. Kweli, Bach aliandika kila sehemu irudiwe, na mwaka 1955 Gould aliacha marudio yote, kisha 1981 akarudisha baadhi, lakini hayo hayaelezi aria. Aria hairudii kitu katika rekodi yoyote kati ya hizo, na bado imetoka chini ya dakika mbili ikafika tatu. Kila noti inawekwa chini taratibu, kama mtu anayepanga vyombo vya udongo.

Kilichobadilika ni mapigo. Gould wa pili alitaka mapigo ya variesheni moja yazae mapigo ya inayofuata, ili zote 30 ziwe mwendo mmoja. Wewe ulitufanyia hivyohivyo kwenye kwaya: ubeti umekwisha, sisi tunataka kupumua, mguu wako bado unapiga sakafu. Wakati ule nilidhani ni ukali tu.

Sasa njoo kwenye ya 25, ile ya huzuni. Hapa mambo yanageuka: kijana ndiye aliyeivuta zaidi, inakaribia dakika sita na nusu, na analia waziwazi. Mtu mzima ameifupisha kidogo. Halii, ila mimi ndiye ninayeshindwa kuongea ikiisha. Kwa variesheni hiyo moja tu naichagua rekodi ya 1981, ingawa ya 1955 ina furaha ambayo sijaisikia kwa mpiga piano mwingine yeyote.

Gould alifariki Oktoba 1982, muda mfupi baada ya rekodi ya pili kutoka, na wengi huisikiliza kama kwaheri. Mimi nakataa. Alipoipiga alikuwa kazini, na ukitega sikio unamsikia akiimba chinichini nyuma ya piano, kama unavyofanya wewe ukisahau kwamba tupo.

Jumapili baada ya ibada nitakuja na spika. Tutaanza na hiyo ya 25, ya kijana kwanza.

Mpwa wako