Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mambo ya hela mhazini ameshawatumia, sitayarudia, michango imeingia na nyingi imeishia kwenye ethanoli na vichupa kama tulivyokubaliana. Mimi nataka tuongee sampuli, yaani vipande vya mwili wa salamanda tunavyochukua ili kusoma DNA yao.

Mwaka huu wanafunzi wetu wengi wa masters wamefanya utafiti wa salamanda wa madoa, Ambystoma maculatum (mnyama mwenye mkia, wa jamii ya vyura, anayetaga kwenye madimbwi), huko mashariki mwa Marekani, na karibu kila aliyeleta data kikaoni aliulizwa swali lilelile: hivi viluwiluwi umevitoa upande gani wa dimbwi? Manake jike mmoja anataga mayai zaidi ya mia, na baba wanaweza kuwa kadhaa, sasa ukichota wavu mmoja kwenye kona moja unaweza ukawa umebeba familia moja nzima, halafu programu ya kompyuta inakwambia dimbwi hili limejitenga kabisa na la jirani, kumbe umepima ndugu tu. Zungukeni dimbwi lote jamani, kateni kijincha cha mkia (unaota tena), na cheki undugu kabla hujapiga hesabu ya FST (kipimo cha jinsi DNA ya dimbwi moja inavyotofautiana na ya jingine). Ila msiwafute ndugu wote kwa pupa, dimbwi lenye wazazi wachache lazima liwe na ndugu wengi, na hiyo ndo habari yenyewe tunayoitafuta.

Tumepata pia maombi ya kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama. Tumeyakataa. Jenomu ya aksolotli (salamanda wa Mexico) iliyotoka 2018 ina herufi kama bilioni 32, mara kumi ya ya binadamu, na hawa wetu ni ndugu zake, bajeti yetu haifiki hata mlangoni. Mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia), au vipande elfu chache vya DNA, vinajibu maswali yenu vizuri tu.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Dimbwi likikauka mapema viluwiluwi vyote vinakufa, kwa hiyo sampuli ya msimu mmoja haikwambii kitu kuhusu mwaka unaofuata, na tasnifu haisubiri. Kamati imeamua anayemaliza amkabidhi anayeanza madimbwi yaleyale, pamoja na ramani.

Buti na nyavu zitieni dawa kila dimbwi, ukungu wa kitridi, unaoua vyura na salamanda, hauna mzaha.

Fomu za safari ziko kwa katibu, zirudi kabla theluji haijaisha, manake mvua ya kwanza ya joto ikinyesha usiku salamanda wanaanza kutembea na hapo hakuna wa kujaza fomu.