Kaka, kile kibao kirudi juu ya mlango

Columbus, Ohio

Kaka Mwakio,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza, kazi ipo, zamu bado ni za usiku lakini nimeshazoea, kwa hiyo hilo tuliache.

Ujumbe wako wa kuomba hela ya jipsamu ya dari niliupata, na picha ya sebule nimeitazama hadi simu ikaisha chaji. Wewe ulitaka niangalie dari. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja juu ya mlango, nikaona matundu mawili ya misumari na ukuta mweupe. Nikampigia Mama. Mama alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Muulize kaka yako." Unamjua Mama akisema hivyo. Mghoi ndiye aliyeniambia kwamba kibao cha Baba kiko stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, na kwamba ulikishusha siku uliyompangisha kijana chumba cha mbele. Eti nyumba sasa ni ya watu wote, maneno ya dini yasije yakamkwaza mpangaji.

Kaka, sikulala. Nilitoka zamu asubuhi, nikakaa mezani na koti langu mwilini.

Ulikuwa mkubwa kuliko mimi, kwa hiyo unakumbuka vizuri zaidi. Ulikuwa mwaka 1984, mwaka wa njaa, na Baba alikuwa na kipande cha mvule kilichobaki kwenye viti vya kanisa. Watu wanapanga foleni ya unga wa njano, yeye yuko chini ya mwembe na patasi, anachonga "Kwa Mungu yote yawezekana". Hakupima vizuri, ndiyo maana ile "na" ya mwisho ikawa ndogo, imebanwa pembeni. Na aliyeshika ngazi siku ya kukitundika alikuwa nani? Mzee Salim. Nilikuwa nimebebwa mgongoni, lakini hadithi hii nimesimuliwa mara nyingi mno. Baba alimuuliza kama maneno yanamsumbua, Mzee Salim akamjibu kwamba hilo hata msikitini wanalisema. Leo unamwogopea mpangaji, na mpangaji mwenyewe ni mjukuu wa Mzee Salim!

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza, maana nilidhani utaniona mtoto. Wiki yangu ya kwanza hapa nilishuka basi katikati ya mji, barabara ya High Street, mbele ya jengo la Bunge la jimbo. Nilikuwa nimepotea, mikono imekufa ganzi. Nikainamisha kichwa kwa ajili ya upepo, nikaona maandishi pale chini, kwenye uwanja wa Bunge. Nikayasoma. Ni maneno ya Baba, kwa Kiingereza. Mathayo 19:26. Nilisimama pale nikalia, watu wakipita. Tangu siku hiyo sikuuona tena mji huu kuwa wa ugenini kabisa.

Kumbe ndiyo kaulimbiu ya Ohio, na ina historia. Aliyeianzisha ni mtoto wa shule wa Cincinnati, aliyezunguka akikusanya sahihi za wananchi mpaka Bunge likaipitisha kuwa sheria mwaka 1959. Hata maneno ya pale uwanjani yana kisa chake. Gavana George Voinovich alikwenda India miaka ya tisini, akakuta jengo la serikali limeandikwa kwamba kazi ya serikali ni kazi ya Mungu. Aliporudi mwaka 1996, akasema na Ohio iweke yake. Yakawekwa.

Na yakapingwa, Kaka. Waliopinga hawakuwa watu waovu, na mmoja wa walioshtaki alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Hoja yao ilikuwa kama yako: nyumba ya serikali ni ya watu wote, na haya ni maneno ya Yesu. Kesi ikaanza 1997. Mwaka 2000, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Rufani wakakubaliana na walioshtaki. Jimbo halikukubali, likaomba majaji wote waketi. Wakaketi kumi na watatu, na Machi 2001 tisa wakasema maneno yabaki, wanne wakasema hapana. Karibu miaka minne ya mawakili na majaji, kwa sababu ya maneno machache kwenye sakafu. Wewe ulitumia nyundo na mchana mmoja. Hata Mama hukumuuliza.

Hapo ndipo pananiuma. Ungeita kikao, Mama akasema kishuke, ningemeza.

Huku nimejifunza kwamba watu hawapendi neno lao liguswe bila wao. Chukua kaulimbiu ya taifa zima la Marekani, ile inayosema tunamtumaini Mungu, iliyo kwenye dola unazozibadilisha pale Voi. Ilianza wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1861 mchungaji mmoja wa Pennsylvania alimwandikia barua waziri wa fedha, Salmon Chase, akitaka Mungu atambuliwe kwenye sarafu, na mwaka 1864 maneno yakatokea kwenye sarafu ya senti mbili. Huyo Chase, nikwambie kwa fahari, alikuwa amewahi kuwa gavana hapahapa Ohio. Kisha mwaka 1907, Rais Theodore Roosevelt akatoa sarafu mpya za dhahabu bila maneno yale. Hakuwa mpinga dini. Aliona ni kumkosea Mungu adabu kuweka jina lake kwenye pesa. Wananchi wakalalamika, na mwaka 1908 Bunge likayarudisha kwa sheria. Rais mzima, Kaka!

Lakini Roosevelt huyohuyo aliandika kwamba mahali pa maneno hayo panapofaa ni kwenye minara ya kumbukumbu ya taifa, kwenye mahakama na kwenye kumbi za mabunge. Hapo tuko pamoja kabisa. Rais Eisenhower alitia sahihi mwaka 1956 ikawa kaulimbiu rasmi, na tangu 1962 iko ukutani juu ya kiti cha Spika wa Baraza la Wawakilishi kule Washington. Mwaka 2011 waliipigia kura tena kuithibitisha: 396 wakasema ndiyo, 9 wakasema hapana. Ndiyo maana katika majimbo mengi utasikia wananchi wakitaka iandikwe na kwenye mabunge yao. Mwaka 2003 Gallup, wale wa kura za maoni, walipouliza watu kuhusu maneno hayo kwenye sarafu, tisa katika kila kumi waliyakubali. Ni nchi inayobishana kuhusu kila kitu kingine.

Kazini nina mwenzangu, mama mtu mzima mweusi, mzaliwa wa Mississippi. Bendera ya jimbo lao ilikuwa na alama ya wale waliopigana vita ili watumwa wabaki watumwa, na ilipepea juu ya Bunge lao zaidi ya miaka mia. Mwaka 2020 Bunge likaishusha, likaamuru kwamba bendera mpya, vyovyote itakavyochorwa, lazima iwe na maneno ya kumtumaini Mungu. Novemba ile wananchi wakapiga kura, zaidi ya asilimia 70 wakaikubali, bendera yenye ua la magnolia. Huyu mama aliniambia kwamba dada zake walipigia kura bendera ile kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona juu ya Bunge kitu wanachoweza kukitazama bila kuinamisha macho. Nilimkumbatia. Tulikuwa kwenye mapumziko ya saa tisa usiku, kila mtu na chai yake.

Mimi mwenyewe nataka maneno hayo yawe bungeni. Yule anayeinua mkono kupitisha sheria inayomgusa mtoto wangu, nataka ainue macho akumbuke kwamba kuna aliye juu yake. Asiyeamini halazimishwi kuyasoma. Sisi nyumbani hatushangai hata kidogo: wimbo wetu wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu, Katiba ya 2010 mstari wake wa kwanza unamtaja Mwenyezi Mungu, na Waganda wameweka "Kwa Mungu na Nchi Yangu" kwenye nembo yao. Hakuna Mwislamu wala Mkristo aliyehama kwa sababu hiyo.

Na nina haki ya kusema hivyo hata huku, maana nimeapa kiapo cha uraia. Nilikwambia lakini hukunijibu, labda ulikuwa na shughuli. Maswali ya mtihani yalikuwa kumi, ilitosha kupata sita. Mimi nilipata sita ya kwanza mfululizo, yule afisa akafunga faili akanipa mkono. Nilipiga kura nimevaa kitenge cha Mama. Mtoto wa kwetu Wesu, Kaka, kwenye mstari wa wapiga kura wa Ohio! Ukenya wangu ninao vilevile, Katiba yetu inaruhusu. Nilitamani Baba angekuwepo nimwambie.

Karo ya Mghoi imekwisha, nimemaliza mwezi uliopita. Mabati ya nyumba hiyo unajua yametoka wapi, nami sikuwahi kuyataja hadi leo. Ninayataja kwa sababu umeniambia kwamba aliye mbali haoni hali ilivyo. Mimi naiona nyumba ile kila siku kuliko wewe unayelala ndani yake. Najua mlango unavyolia. Najua harufu ya ukuta mvua ikishuka kutoka Wundanyi. Nikifumba macho naingia kwa kupita chini ya kibao, na safari hii nilipofumba nikaona matundu mawili.

Hela ya jipsamu: nusu nimemtumia Mama kwa M-Pesa jana, atakukabidhi. Nusu ya pili ninayo. Ita kikao Jumapili baada ya kanisa, akae Mama, Baba Mdogo, Mghoi, na huyo mjukuu wa Mzee Salim naye aitwe. Nipigieni mniweke mezani, kwangu itakuwa asubuhi na sitakuwa kazini. Kama kijana anakwazika, nataka nimsikie akisema kwa kinywa chake. Hakwaziki, kesho yake kibao kipande na fedha nazituma.

Mwambie Mghoi akipanguse kwa kitambaa kikavu kwanza, magunia yana vumbi. Asikipake rangi wala vanishi. Ile "na" ndogo ya mwisho imechongwa juujuu, rangi ikiingia haitaonekana.

Mdogo wako,
Wakesho