Fidla ya taarabu nayo ipate masomo yake mtandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotukabili sisi tunaofundisha fidla hapa Unguja.

Siku hizi wanafunzi huja darasani na simu zenye programu ya kupimia sauti. Nyingi ya programu hizo ni za bure, na katika kulinganisha nyuzi kabla ya mazoezi zina msaada mkubwa, kwa kuwa mtoto aliye peke yake nyumbani hahitaji tena kumsubiri mwalimu amkazie uzi wa nota la mpaka ufike mitetemo 440 kwa sekunde. Tatizo huanza anapoingia kwenye maqamu, yaani ngazi za sauti zinazojenga muziki wa taarabu. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu, binti mwenye sikio zuri sana, alikuwa akipiga Rasti, mojawapo ya maqamu hizo, kuanzia nota do, na kidole chake kikatua pale hasa inapokaa nota ya tatu, yaani baina ya mi na mi iliyoshushwa nusu toni. Simu ikaonyesha rangi nyekundu. Akakisogeza kidole mpaka ikawa kijani, na utamu wote wa Rasti ukapotea. Nilipomwambia akirudishe kilipokuwa, alinitazama kwa mashaka, na nikaona wazi kwamba aliiamini simu kuliko sikio lake mwenyewe.

Programu ile imepangwa kuitambua oktava (umbali wa do hadi do inayofuata) iliyogawanywa sehemu 12 zilizo sawa, kama ilivyo kwenye piano, na sauti zinazoangukia katikati ya sehemu hizo huzihesabu kuwa ni makosa. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anavyo vijiti vidogo vya kuinua na kushusha ili azipate sauti hizo, lakini shingo ya fidla haina alama yoyote, na anayejifunza hutegemea kusikia na kuiga. Ndiyo maana masomo ya mtandaoni, ambayo kwa fidla ni mengi mno na karibu yote yanafuata mtindo wa Ulaya na yako kwa Kiingereza, yanaweza kumjenga mwanafunzi wetu mkono wa uta na wakati huohuo yakamharibia sikio.

Sisemi vifaa hivi viachwe, maana mimi mwenyewe navitumia kila wiki. MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota, ina alama za robo toni, nami naitumia kuwaandikia wanafunzi bashrafu, vile vipande vya ala bila kuimba. Ziko pia programu zinazopunguza kasi ya rekodi bila kuishusha sauti yake, na kwa mtu anayetaka kufuata taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, ya mpigaji hodari, hiyo ni neema ambayo sisi hatukuipata tulipokuwa tukijifunza. Kwa wanaofundisha kwa simu ya video, nawakumbusha kwamba programu nyingi za mikutano huchuja kelele, na sauti ndefu ya fidla huweza kuchukuliwa kuwa ni kelele ikakatwakatwa. Utafuteni mpangilio unaoruhusu sauti halisi ipite, na mwalimu na mwanafunzi wapige kwa zamu, kwani sauti huchelewa njiani na kupiga pamoja hakuwezekani.

Kinachokosekana ni masomo yetu wenyewe. Zanzibar ina vyama vya taarabu, Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na tunacho chuo cha muziki wa nchi za majahazi hapa Mji Mkongwe. Naviomba vyama hivyo, chuo hicho na wizara inayosimamia utamaduni vikae pamoja na kurekodi wapiga fidla wazoefu, kuanzia wale wenye umri mkubwa zaidi: maqamu moja kwa kila somo, ipigwe polepole kisha kwa kasi yake, kamera ikiangalia vidole vya mkono wa kushoto, na maelezo yawe kwa Kiswahili. Rekodi hizo ziwekwe mahali pa kupakuliwa bure, kwa mafaili madogo, kwa sababu mwanafunzi wa Makunduchi au Pemba hununua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya kubahatisha. Siti binti Saad alikwenda India mwaka 1928 ili sauti yake irekodiwe. Leo simu moja nzuri na chumba kitulivu vinatosha kuanzia.

Mimi niko tayari kuwapokea warekodi darasani kwangu siku yoyote, na kuwaandikia nota za masomo ya maqamu za Rasti na Bayati bila malipo.

Mwalimu wa fidla,
Mji Mkongwe, Zanzibar