Kabla hujaiuza hiyo namba E kwa kubugia mafuta

Ndugu Mhariri,

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Naandika kuhusu barua ya yule msomaji wenu wa Mwanga, Kigoma, aliyelalamika kwamba kanunua gari namba E (herufi za plate zinaanza na E), ya mwaka 2021, kilomita zake chache, ndani bado inanukia upya, lakini inabugia mafuta kama fuso ya mkaa. Akamalizia kwa kusema wauzaji wa magari wote wezi na yeye anaiuza tu.

Ndugu yangu usiiuze kwanza. Mi nauza spea na oili hapa Tabora na watu wenye kilio chako wanapita dukani kila siku ya Mungu, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi hiyo gari imefika nzima kabisa, tunaoiharibia ulaji wake ni sisi wenyewe, tena wiki ile ile ya kwanza, pale tunapoipeleka kwa fundi eti aiweke sawa na barabara zetu.

Ila kwanza hiyo namba unayoililia umeitoa wapi? Wengi wanaitoa kwenye tangazo la gari, imeandikwa lita moja kilomita 25 au zaidi, basi mtu anapiga hesabu ya Tabora mpaka Nzega na kurudi kabla hata meli haijatia nanga Dar. Ile namba inapimwa Japani ndani ya chumba, gari iko juu ya rola, AC imezimwa. Kipimo chao cha zamani, JC08, kilikuwa ni kama kilomita 8 tu kwa dakika 20, mwendo wa wastani kilomita 24 kwa saa na mwendo wa juu kabisa haufiki hata 82. Kuanzia 2018 wameingia kwenye kipimo kingine kinaitwa WLTC, hicho angalau kina ukweli zaidi maana kinatoa namba tatu tofauti, ya mjini, ya pembezoni mwa mji na ya barabara kuu. Kwahiyo angalia hiyo yako umesoma ipi, na kama we safari zako ni Mwanga Ujiji na kushuka Kibirizi, soma ya mjini, hiyo kubwa achana nayo. Alafu hata ya mjini usiitegemee yote, kule hakuna milima yenu ya Kigoma.

Pili, umepimaje? Maana kwenye barua yako umesema "mshale unashuka haraka". Mshale siyo mzani jamani. Magari mengi ukijaza unaganda juu muda mrefu alafu ukishavuka nusu unaporomoka, mengine ni kinyume chake. Na tabia yetu ya kuweka wese la elfu ishirini leo, elfu kumi kesho, hapo hata profesa hawezi kukwambia gari inakula kiasi gani. Dawa ni full tanki, bunduki ya pampu ikijikata yenyewe acha hapo hapo usimwambie mhudumu aongeze, futa ile namba ya trip, ya kilomita za safari kwenye dashibodi, iwe sifuri, tembea, ukirudi jaza tena sheli ile ile na ikiwezekana pampu ile ile, alafu gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo zaidi ya mara moja. Kama mfuko hauruhusu full tanki, na naelewa, bei elekezi ya EWURA inayotoka kila mwezi kwa huku kwetu iko juu kuliko Dar kwa sababu ya usafiri na nyie Kigoma ndo mko mbali zaidi, basi tunza risiti zote, lita zimeandikwa pale, anza kuhesabu taa ya mafuta inapowaka mpaka inapowaka tena. Siyo sahihi sana lakini inashinda kuangalia mshale.

Sasa tuje gereji. Swali langu la kwanza kwa mtu mwenye namba E ni hili: tomostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, ipo? Wengi wanashangaa, hawajui hata kama ilitolewa. Hapa kwetu kuna mafundi gari ikiingia tu wanaichomoa, wanasema "hii ni ya nchi za baridi, huku itakuchemshia injini". Kwa mzee mwenye pikapu ya zamani anayejaza maji ya bomba kwenye rejeta, kutu inaipiga tomostati mpaka inaganda, nakubali inaweza kumchemshia, lakini hapo kosa ni maji (yale maji ya Ziwa Viktoria yaliyotufikia Tabora ni ya kunywa na kufulia, rejeta inataka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea). Kwa gari ya kisasa kuitoa ni hasara. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, kwenye nyuzi 80 na kitu hivi. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini haipati moto wake, kompyuta inasoma kwamba gari bado ya baridi, kwahiyo inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile umewasha saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa saba, na gia ya otomatiki nayo inachelewa kuingia ile ya mwisho. Hakuna kitu kimeharibika, mara nyingi hata taa ya injini haiwaki, gari inavuta vizuri tu, ila wese linakwisha.

Kujua kama ipo huhitaji mashine. Asubuhi gari imelala, washa, fungua boneti, weka mkono kwenye ule mpira mkubwa unaoingia rejeta kwa juu, mbali na feni. Ukiwa na tomostati nzima mpira unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa, alafu ghafla unapata moto mpaka unatoa mkono. Ukikuta unapata uvuguvugu taratibu toka mwanzo, haipo au imeganda wazi. Na kwenye hizi gari ndogo zisizo na mshale wa joto kuna ile taa ya bluu kwenye dashibodi, ikichelewa sana kuzima, au ukiwa barabara kuu ikajiwakia tena, ndo hapo hapo. Spea yenyewe siyo ya kutisha bei.

La pili ni matairi, na hili linachekesha. Mtu anasema gari iko chini, itagonga matuta, anaweka spesa za kuinyanyua alafu anaweka tairi kubwa. Tuseme ilikuja na 175/65 rimu 15, yeye anaweka 195/65. Tairi nzito zaidi, pana zaidi, injini inafanya kazi zaidi, hiyo ni moja. Ya pili watu hawaijui: hilo tairi ni kubwa kwa kama asilimia 4, maana yake gari ikitembea kilomita 104 za kweli, dashibodi inaandika 100. Kwahiyo we unagawa kwa kilomita pungufu, hesabu inatoka mbaya kuliko hali yenyewe. Unamlaumu muuzaji kwa kilomita ambazo umezitembea kabisa ila hazijaandikwa.

Kwenye upepo, karatasi iko pembeni ya mlango wa dereva, imeandikwa kwa kPa, 220 au 230 ni kama 32 mpaka 33 kwenye geji zetu za pauni. Vijana wa pancha wengi wanajaza kwa macho au kwa kupiga teke. Ila nisikudanganye, upepo peke yake hautakupa maajabu, Wamarekani wanasema kila pauni moja inayopungua inakula kama asilimia 0.2 tu, sasa tairi zote zikiwa chini pauni 10 ni asilimia 2. Ipo, lakini siyo ya kuuzia gari.

Oili. Fungua boneti usome kifuniko cha oili, nyingi za kisasa imeandikwa 0W-20. Mteja anakuja kwangu anataka "nzito", 20W-50, kwa sababu kaambiwa nyepesi itayeyuka na joto la Tabora. Haiyeyuki, injini hizo zimetengenezwa na nafasi ndogo ndogo zinazotaka oili nyepesi, na ukiweka nzito injini inahangaika nayo kila mzunguko. Nauza zote mbili na hiyo nyepesi ndo bei kubwa, kwahiyo najua utasema napiga debe, basi amini kifuniko usiniamini mimi.

Kwenye eya klina hapo ndo najiharibia biashara. Ikichafuka sana gari ya kisasa inakuwa nzito kuchanganya, lakini mafuta haili zaidi kivile, maabara ya Oak Ridge ya Marekani walishapima hilo mwaka 2009 wakaona hakuna tofauti ya maana kwa injini za kompyuta. Kubadilisha ubadilishe, vumbi letu la Sikonge na Kaliua nalijua, ila usitegemee wese lishuke.

Breki nayo iangalie, hasa kama gari ilikaa bandarini muda mrefu. Endesha kidogo, simama taratibu, alafu pitisha kiganja karibu na rimu moja moja bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki imeshika pale, pini zimeganda, unatembea huku umekanyaga breki. Fundi anasafisha na kupaka grisi yake, asubuhi moja imekwisha.

Na keria ya juu uliyofunga kwa ajili ya magunia ya mchele ya sikukuu, ikimaliza kazi ishuke. Kwenye mwendo upepo unaipinga vibaya. Mwendo wenyewe pia, ile lami ya kwenda Nzega imenyooka inakushawishi, lakini ukitoka 80 kwenda 110 nguvu ya upepo unaoisukuma gari nyuma inakaribia kuwa mara mbili. Mambo ya kuwasha AC nusu saa nje ya shule unasubiri watoto sitaki hata kuyasema.

Mhariri, sasa na wewe nikuulize. Ukurasa ule ule wa barua ya ndugu yetu, chini yake kulikuwa na tangazo la kidude cha kuchomeka chini ya usukani "kinapunguza mafuta nusu". Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imeshapima zaidi ya vidude 100 vya namna hiyo, sumaku, vidonge, vya kuchomeka, na hawajaona hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa maana. Mi mwenyewe naletewa na mawakala kila mwezi niuze, vina taa ya kijani inayowaka waka, ndani ukifungua ni hiyo taa tu. Tangazo linalipa najua, lakini jamani angalau msiliweke chini ya barua ya mtu anayelia.

Kwa ndugu yangu wa Mwanga: rudisha tairi za saizi yake, mwulize fundi bila kumgombeza kama tomostati anayo bado kwenye boksi, weka oili ya kwenye kifuniko, alafu pima tanki mbili tatu. Kama baada ya hapo mjini bado iko mbali sana na ile namba ya mjini, ndo upeleke isomwe kwa mashine, sensa ya oksijeni au ya hewa inaweza kuwa imechoka, hata kwenye gari ya kilomita chache, na hizo kilomita chache nazo ziangaliwe vizuri kwenye karatasi za Japani maana kuna zinazorudishwa nyuma. Hapo ukienda kwa aliyekuuzia unaenda na namba mkononi.

Msomaji wenu,
Muuza spea, Tabora