Zuhura, fundi wa batiki, soma hii

Hanoi

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Najua umeninunia kwa kimya changu, na haki unayo, ila ninunie baadaye. Nina jambo la kukuambia wewe tu. Salma nilimdokezea, akanijibu "hongera" akaishia hapo.

Nimetoka Lao Chải, kijiji cha Wahmong kilicho bondeni chini ya mji wa Sa Pa, huku kaskazini ya Vietnam. Basi, kisha miguu, matope, ukungu, mlima mzima umekatwa ngazi za mpunga. Baridi yake usiniulize. Sasa, mama mwenyeji wetu anachora kwa nta!

Nta ya nyuki, Zuhura, inayeyushwa juu ya makaa, na kalamu yake ni kijiti chenye ncha ya shaba. Penseli hana, kielelezo hana. Mstari, mstari, kona, umbo la konokono. Wewe unaikunjakunja nguo makusudi ili nta ipasuke, rangi ipenye kwenye nyufa; yeye ufa hata mmoja hautaki. Halafu nguo inazamishwa kwenye pipa la nili, majani yaliyovundikwa na kutiwa chokaa. Inatoka ya kijani, upepo ukiipiga inageuka buluu huku unaiangalia. Inaanikwa, inarudishwa pipani, inaanikwa tena, siku nenda siku rudi, mpaka inakaribia weusi. Mwisho inachemshwa nta itoke.

Na kitambaa chenyewe ni cha nyuzi za mbangi. Ndiyo, mbangi! Usithubutu kumwambia mama. Wanabandua ganda la shina na kuunga uzi kwa uzi. Unapishana na wanawake njiani, mzigo mgongoni, vidole vinaunga tu. Maiti naye huvishwa nguo ya nyuzi hizo, wazee waliotangulia wapate kumtambua, na msibani hupulizwa khèn, zumari la mianzi sita, kumwonyesha njia ya kuwafikia. Hapo hata mimi na mdomo wangu huu nilinyamaza.

Nimesahau kung'arisha: nguo inawekwa kwenye gogo la mviringo, juu yake jiwe bapa, mama anapanda kwenye jiwe anayumba kushoto kulia, gogo linabingirika. Inang'aa kama kiatu kipya.

Pale Sa Pa mjini lakini, utafuatwa na wauzaji mpaka mlangoni, na vingi ni chapa ya mashine. Nikafanya ulivyonifundisha, kugeuza upande wa nyuma. Ya nta imepenya kote, ya mashine nyuma imefifia. Wakacheka, wakajua wamekutana na mjuzi.

Kipande chako nimenunua kwa mama mwenyewe, atakuletea yule mtoto wa Bi Kidawa. Tafadhali usikifue pamoja na sare za watoto. Mikono ya yule mama ni buluu mpaka kwenye vifundo, na rangi haitoki.

Sasa niambie: bado unayeyusha mishumaa, au umepata nta ya Tabora? Nta tupu ukiichora bila kuipasua, wateja watanunua? Nili bado inaota huko kwenu shambani? Kalamu nikuletee ncha nene au nyembamba? Yule wa Mwenge amekulipa? Na Hamisi, mmeishia wapi, au nisiulize? Jibu la kalamu nilipate upesi, nikirudi mlimani nikuchukulie.

Wako,
Mwajuma