KUH: DITEKTA YA METALI MLIYOIUZA KUWA "YA BAHARINI"

Kwa Meneja,
Tawi la Kisumu.

Salamu. Nilinunua mashine hii nitafute pete ya dhahabu iliyopotea baharini Diani; ikashindwa, nikairudisha kwenu. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua, na nakala ya risiti nimeiambatisha, kwa hivyo naingia moja kwa moja kwenye kaunta yenu, Jumatatu asubuhi. Mhudumu wenu aliweka sarafu ya shilingi kumi mezani, akapitisha koili, lile duara la kutafutia, juu yake. Ikalia. Akageukia foleni: "Mashine ni nzima. Mzee ndiye hajui kuitumia." Watu wakacheka.

Naomba, kwa heshima, mumweleze. Mashine hii hutumia masafa (frikwensi) mamoja tu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, nayo huusoma kama metali. Inalia kila hatua. Ukipunguza usikivu hadi inyamaze, pete nyembamba ya dhahabu inanyamaza nayo, maana mlio wake unakaribiana na wa chumvi. Kuisawazisha na ardhi, yaani kuizoesha isiililie ardhi tupu, koili juu na chini kati ya sentimita 5 na 30, hakudumu: wimbi likipita, unaanza upya. Dunga, kwenye maji matamu ya ziwa, ilitulia. Diani ilipiga kelele. Bahari inataka mashine ya masafa mengi kwa pamoja, au ile inayotuma mapigo ya umeme. Sarafu kavu juu ya meza kavu inapima nini?

Mhudumu akasema pia eti "bahari imeshaipeleka pete Bara Hindi." Dhahabu ya karati 18 ni nzito takriban mara 15 kuliko maji, mchanga, mara 2.65 tu. Mawimbi yakitibua mchanga, pete hushuka hadi ikute udongo mgumu au mwamba, ikae hapo pamoja na vizito vya risasi vya nyavu na sarafu. Vinavyotupwa huku na huku ni vipande vya makopo ya soda. Bahari kali huondoa mchanga juu ya pete, bahari tulivu huurudisha. Ndiyo maana safari ilipangwa bamvua, maji yakikupwa mbali. Bamvua ikipita, ni kungoja kama wiki mbili.

Tena sanduku lilipofunguliwa, kabla hata ya safari, kiungo cha kebo hakikuwa na ringi ya mpira. Maji yangeingia tu.

Narudia, kwa kuwa imenikaa kooni: shilingi kumi, meza kavu, "mzee hajui." Na mashine aliiacha kwenye mpangilio wa nchi kavu! Aliyecheka zaidi ni msimamizi wake.

Nilikuja kuomba kubadilishiwa, niongeze tofauti ya bei. Sasa sitaki. Nataka fedha zote, na nauli ya basi Kisumu hadi Mombasa, kwenda na kurudi, ndani ya siku 7. Na kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, foleni ikiwepo.

Siku ya 8 tukutane Mahakama ya Madai Madogo, chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nitakuja na mashine na ndoo ya mchanga uliolowa maji ya bahari. Mhudumu wenu aje na shilingi kumi yake.

Wako,
Mteja mwenye risiti