Mheshimiwa Diwani, ukoka unanyweshwa saa saba mchana na sisi siku ya tisa hatuna maji

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, hapa Dodoma

Mheshimiwa Diwani, salaam. Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi ni yule mama wa maandazi kwenye kona ya shule, wakati wa kampeni ulikaa kwenye benchi langu ukanywa chai, na kura yangu nilikupa. Barua hii ningeileta mkononi, ila ofisini nimeshakuja mara tatu, mara mbili naambiwa uko kikaoni, ya tatu naambiwa niache namba, nikaacha na simu haijaita mpaka leo, ndio maana naandika hapa watu wote wasome.

Jumatano iliyopita saa saba mchana, na jua la mwezi wa kumi la Dodoma unalijua, boza lilipaki kwenye ile bustani mpya ya katikati ya barabara, kijana kashika mpira anamwaga maji kwenye ukoka. Maji yakajaa, yakavuka ukingo wa zege, yakateremka kwenye lami mpaka mtaroni. Mimi nimesimama ng'ambo na ndoo zangu mbili nasubiri mkokoteni, bomba letu lilikuwa siku ya tisa halijatoa hata tone. Kuna mtoto wa jirani, darasa la pili hivi, alikuwa na kidumu cha lita tano, akachuchumaa pembeni ya lami akaanza kuchota yale maji ya mchanga kwa kikombe cha plastiki, anachota anamimina, anachota anamimina, mpaka gari likampigia honi. Yule kijana wa boza hakumfukuza na namshukuru. Mimi sikuweza hata kuongea, nikamshika mtoto mkono nikamrudisha kwao.

Sasa sikia na la kwangu Mheshimiwa. Ijumaa ya kabla ya hapo mtendaji alikuja na mgambo wawili, wakasimama mbele ya nyumba yangu, wakasema pamekauka, panachafua sura ya barabara mpya, nipande ukoka na maua ndani ya siku 14 la sivyo faini ni shilingi 50,000. Wameniachia karatasi, ninayo, ina muhuri. Nikawauliza ukoka nitaumwagilia na nini, mmoja akaniambia mama hiyo ni juu yako.

Basi tupige hesabu, maana mimi biashara yangu ni hesabu. Ukoka kwenye kiangazi cha huku unataka maji ya kimo cha milimita tano hivi kila siku, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wangu wa mbele ni kama mita kumi kwa kumi, hizo ni lita 500 kwa siku, yaani ndoo 25 za lita 20. Ndoo moja ya mkokoteni nanunua shilingi 500. Kwa hiyo mtendaji ananiambia nimwage shilingi 12,500 chini kila siku iendayo kwa Mungu, na mimi siku nzuri ya maandazi sifikishi faida hiyo! Na hapo nimehesabu maji yanayofika kwenye mizizi, ukimwaga saa saba mchana na huu upepo wetu mengine yanapotea hewani kabla hata hayajazama.

Sikatai mji uwe kijani jamani. Mbele ya nyumba yangu kuna mkwaju, milonge miwili na mwarobaini, hapo ndio walipopaita pakavu kwa sababu chini hakuna nyasi. Ule mkwaju nimeupanda mimi na mjukuu wangu mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili, na una siri yake. Nimechukua chupa ya lita moja na nusu nikatoboa kifuniko kwa sindano, nikaizika kichwa chini karibu na shina, kila asubuhi naijaza maji ya suuza ya mwisho ya nguo, yale yasiyo na povu jingi, yanadondoka taratibu chini kwa chini. Juu nimetandaza maganda ya karanga, vidole vinne hivi, ukifukua saa tisa alasiri udongo wa chini bado una unyevu. Lita moja na nusu kwa siku Mheshimiwa, na mti umenifika kifuani. Nyasi zinataka lita 500 na kivuli hazina.

Na hii nchi yetu sote tunaijua. Ugogo mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, mwaka mzima milimita 550 mpaka 600 hivi, baada ya hapo miezi saba ni vumbi. Maji ya mji kwa sehemu kubwa ni ya visima vya Makutupora, chanzo kilekile cha tangu zamani, wakati sensa ya 2012 tulikuwa watu 410,000 na ushee na sensa ya 2022 tukakutwa zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, majengo yameota, barabara zimekuja, tumefurahi. Sasa ni nani aliyekaa akaamua kwamba mji kama huu upambwe kwa ukoka? Mimi nahisi walichukua michoro ya sehemu zenye mvua wakaibandika hapa. Wengine mtaani wanasema ni mambo ya tenda, kwamba mwenye boza analipwa kwa tripu ndio maana hajali saa wala kumwagika, ushahidi sina, lakini wewe una uwezo wa kuuliza na mimi sina.

Mwezi wa nne kwenye mkutano wa hadhara pale uwanja wa shule nilinyoosha mkono nikauliza hili hili. Ulisimama ukasema, na watu walipiga makofi, kwamba utapeleka hoja baraza la madiwani itungwe sheria ndogo ya bustani na umwagiliaji. Baraza linakaa kila miezi mitatu. Vikao vimepita na hatujasikia kitu. Uwezo halmashauri inao, sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za miji ya 1982 inaruhusu kutunga sheria ndogo, wananchi tunatoa maoni, waziri anaridhia, ndio hiyo hiyo njia inayotumika kututungia faini.

Wenzetu wameshafanya. Cape Town mwaka 2018 maji yalipokaribia kuisha kila mtu alipangiwa lita 50 kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya bomba ikawa marufuku. Kule Nevada Marekani, jangwani kwenye Las Vegas, walipitisha sheria mwaka 2021 kwamba kuanzia 2027 nyasi za mapambo, zile za katikati ya barabara ambazo hakuna anayezikanyaga, zisimwagiliwe tena kwa maji ya mto Colorado. Hao wana hela Mheshimiwa, na bado wameona nyasi zinawashinda.

Tunachotaka hakina gharama. Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni mtu asimwagilie, awe mimi awe boza. Barabarani ipandwe miti ya huku, mikungugu, mikwaju, mibuyu, chini yake matandazo au kokoto. Anayeomba kibali cha kujenga aonyeshe mifereji ya bati na tenki la kuvunia mvua, hilo ndio liwe sharti, sio ukoka. Na mtu asipigwe faini kwa kukosa nyasi wakati bomba lake halitoi maji, hili nalirudia, mtu asipigwe faini kwa kukosa nyasi wakati bomba halitoi maji.

Hata hayo mengine kama yatachukua muda nitasubiri, tumezoea kusubiri. La kwangu la haraka ni ile karatasi. Siku ya 14 ni Ijumaa hii. Mtendaji amesema wakirudi watakuja na majembe wasafishe wenyewe na gharama nilipe mimi, na mlonge mmoja uko ndani ya mstari waliouchora kwa chokaa. Njoo kabla ya hapo Mheshimiwa, alfajiri niko jikoni na kuanzia saa nne niko nyumbani. Fukua mwenyewe chini ya yale maganda uguse udongo, halafu mpigie mtendaji simu ukiwa umesimama hapo hapo.